Huyo Si wa Kwangu

Siku majibu ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, yalipotoka, Josias alinunua kopo la poda, la kwanza maishani mwake, akalimwaga lote juu ya kichwa cha binti yake. Ndiyo desturi: aliyefaulu lazima apite mtaani mweupe pepepe, na watu wampigie kelele. Kahindo alikuwa amepata asilimia sabini na moja, na barabara nzima ya kwao Murara ilitoka nje kumshangilia. Josias ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo ulimi ulimponyoka. Alipanda juu ya rundo la mawe meusi ya volkano aliyokuwa akiyachonga mbele ya nyumba, akapaza sauti.

"Batu ba Murara, musikie! Kuanzia leo huyu mutoto musimuite tena Kahindo. Mumuite Maître. Anaenda kusoma droit!"

Watu wakapiga makofi, maana Maître ni wakili, na droit ni masomo ya sheria. Kahindo, poda ikimwingia machoni, akamtazama mama yake, na mama yake akatazama chini. Tuseme ukweli tangu mwanzo ili tusije tukadanganyana mbele: katika shangwe zote hizo, hakuna aliyekuwa amemuuliza msichana anataka kusoma nini.

Alikuwa anataka mabomba. Usicheke. Mwaka 2008 familia ilipokimbia mji wa Kiwanja kwa sababu ya vita na kuishia chini ya mahema ya Mugunga, Kahindo alikuwa na miaka mitatu, na kitu cha kwanza alichojifunza duniani ni kukaa kwenye foleni ya maji. Walipohamia Murara foleni iliwafuata hukohuko. Akiwa na miaka kumi na miwili alilitengeneza bomba la jirani kwa kipande cha mpira wa baiskeli, likaacha kuvuja, na tangu hapo kila bidoni ya maji ikigombaniwa mtaani watu walimwita yeye. Alipenda jinsi maji yanavyomtii mtu anayejua njia yake. Vitabu alivisoma kwa sababu shule inataka visomwe.

Wiki moja baada ya ile poda alijikaza, akamkuta baba yake anapiga nyundo mawe, akasema.

"Papa, sitaki kusoma droit. Nataka kusoma plomberie. Iko centre moja ya formation, miaka mbili tu, na banapokea basichana."

Josias aliweka nyundo chini. "Plomberie? Kufungua WC za batu?"

"Kuleta maji, Papa."

"Angalia hii mikono." Akaikunjua mbele yake, imepasuka kama ardhi ya kiangazi. "Nimejenga nyumba ngapi kule Himbi? Nyumba za étage, za batu bakubwa. Hakuna hata moja niliingilia ku mulango ya mbele. Siku nyumba inaisha, banakupa sahani yako inje na mbwa. Kwa hii familia, mutu wa kutumika na mikono ni mumoja tu, na ni miye. Inatosha."

"Lakini Papa..."

"Nilisema mbele ya batu, Kahindo! Unataka banicheke?"

Hapo ndipo mambo yalipofungwa. Mtu mnyonge akishatamka jambo hadharani, jambo hilo humgeukia bwana. Josias hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba aliyempenda mtoto wake kwa namna ya kumvuta kwa nguvu kutoka kwenye shimo ambalo mtoto mwenyewe aliliona kuwa ni kiwanja kizuri tu.

Apolline, mama mtu, ndiye aliyepata akili. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipeleka pesa za masomo, alizipeleka kwenye ile centre ya ufundi wa mabomba badala ya chuo kikuu, basi. Wakakubaliana na Kahindo kwamba siku ya kupata brevet, cheti cha ufundi, watamwambia baba, naye atakuta mtoto ni fundi kamili na hana la kufanya. Njia ya mwongo ni fupi, walimu wanatufundisha. Hii yao ilienda mwaka mmoja na nusu.

Kila Jumapili jioni Josias alijaza pasi ya makaa, akapiga mwenyewe pasi sketi nyeusi na blauzi nyeupe za binti yake, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kwa ile mikunjo. Aliwahi kuwaona wanafunzi wa droit wakipita wamevaa hivyo. Asubuhi Kahindo aliondoka amenyooka kama mshumaa wa altare, na baba akamwita "Maître!" toka mlangoni ili majirani wasikie. Msichana alifika centre, akavua, akakunja, akavaa salopette ya buluu, nguo ile nzito ya fundi, kisha akashika spana. Jioni akageuza tena. Kama ulitaka kujua droit inasema nini juu ya mpaka wa kiwanja, Kahindo alikuwa na rafiki anaitwa Victoire, mwanafunzi wa kweli, aliyemfundisha maneno mawili matatu ya kumridhisha mzee. Josias aliyasikiliza kama anasikiliza Injili.

Mikono tu ndiyo ilikataa kusema uongo. Iliota sugu, ikakauka. Josias aliiona jioni moja msichana alipompa sahani.

"Hii mikono ni ya nini, Maître?"

"Ni sabuni, Papa. Nafua sana."

Kesho yake Josias alirudi kutoka kazini na kichupa cha mafuta ya kujipaka, yale ya harufu ya waridi, akakiweka mezani. Kahindo aliingia chumbani akalia. Alimwambia mama yake kuwa afadhali angepigwa.

Mwezi wa kumi na mbili dada mkubwa wa Apolline akafa kule Butembo. Apolline akaenda msibani, na alipotaka kurudi njia zilikuwa zimekatwa na vita. Akakwama huko. Basi katika nyumba ya Murara wakabaki wawili, baba na binti, na mama mwenye siri ile yuko mbali.

Vita vilikaribia siku baada ya siku. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 mabomu yalisikika kutoka upande wa Sake, umeme ukakatika, maji yakakatika. Kambi za Mugunga zikamwagika mjini: watu na magodoro yao, na mbuzi, na watoto mgongoni. Walijaa makanisani na kwenye nyua za shule. Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, Kahindo alivaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi.

"Na Jumapili pia?" Josias aliuliza.

"Naenda kwa Victoire, Himbi. Tunarudilia cours. Nitarudi mbele ya saa nane."

"Barabara haiko muzuri, mwanangu."

"Papa, iko batu bananingoja."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu. Josias alimrekebisha kola, akamwacha aende. Saa nane haikuja naye, na usiku huo mji ukashikwa. Risasi zilipita juu ya mabati siku tatu. Josias alilala chini ya kitanda amekumbatia simu iliyokwisha chaji, akijiambia kwamba Himbi ina nyumba za mawe, na mawe yale ameyapanga yeye mwenyewe, hayaingiliki.

Siku ya nne milio ilipopungua, alitoka. Himbi alikuta nyumba ya kina Victoire imefungwa kufuli. Walinzi wa jirani walisema wote wamevuka mpaka kwenda Gisenyi tangu Jumamosi. Jumamosi! Na Kahindo alitoka Jumapili. Josias alisimama pale kwenye lango akiihesabu hesabu hiyo ya siku mbili, ikakataa kulingana, akaiacha. Akaenda chuo kikuu. Geti lilikuwa wazi, hakuna mtu, ila kwenye ubao wa matangazo orodha za wanafunzi zilikuwa bado zimebandikwa. Alisoma orodha ya droit, licence ya pili, yaani mwaka wa pili, kwa kidole, jina kwa jina. Kahindo hakuwemo. Alianza tena juu. Hakuwemo.

"Banamusahabu," alisema kwa sauti, peke yake. "Bureau ya hii inchi haikosake kusahabu mutu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaelekea hospitali.

Mlangoni pa chumba cha maiti alikuwako mama mmoja wa kujitolea anaitwa Angèle, amevaa fulana yenye msalaba mwekundu, na daftari mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ule msalaba. Umeme haukuwako, baridi haikuwako, na waliokufa walikuwa wengi kuliko nafasi. Kwa hiyo alikuwa ameandika kila asiye na jina: mwanamke au mwanamume, umri wa kukisia, nguo alizovaa. Watu walikuja, wakataja nguo, naye akapekua.

"Unatafuta nani, papa?"

"Binti yangu. Miaka ishirini hivi. Ni étudiante wa droit. Alivaa blouse ya mweupe na jupe ya mweusi."

Angèle alipekua. "Iko batatu ya jupe ya mweusi. Unaweza kuangalia?"

Josias aliangalia. Tusiyaseme aliyoyaona. Watoto wa watu watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila shuka ilipofunuliwa aliitazama kola kwanza, kisha uso. Hakuwa yule, wala yule, wala yule. Alipotoka aliegemea ukuta akamshukuru Mungu kwa sauti, palepale mbele ya mama mwingine aliyekuwa anagaagaa chini. Baadaye hilo nalo lilimrudia mara nyingi.

"Papa," Angèle akasema polepole, "iko mumoja bado wa ule umri. Numéro kumi na ine. Lakini hana jupe. Amevaa salopette ya bleu, ya mafundi. Na clé ya tuyau, ile spana ya mabomba, ku mufuko." Akasogeza kidole kwenye daftari. "Nimeandika hapa: mikono imekauka, mikono ya kazi."

Kitu kiligonga kifuani mwa Josias, mara moja tu, kama mtu anayebisha mlango kwa adabu. Harufu ya waridi ilimpita puani. Na yeye, baba mtu, akaufunga mlango ule.

"Huyo si wa kwangu."

"Angalia tu uso, papa. Ni dakika moja."

"Mama, nakuambia, wa kwangu anasoma droit! Huyo ni mutoto wa mutu wa kazi tu. Baba yake atakuya kumutafuta."

"Kama hakuna mutu anakuya, Lundi tunamuzika na bengine. Hatuna tena namna."

"Baba yake atakuya," Josias alirudia, tayari amegeuka.

Alikwenda makanisani, akaenda kwenye hospitali nyingine mbili, akaenda mpaka kwenye mpaka akasubiri wanaorudi toka Gisenyi. Kila mahali alitaja sketi na blauzi. Jumatatu, ile Lundi ya Angèle, aliona malori yakipita na watu wa fulana nyeupe wamekaa juu ya yale waliyobeba. Alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akawaombea wale wasio na wenyewe.

Siku ya tatu baada ya mazishi yale, mwanamume mmoja alisimama mlangoni kwake Murara, na gongo kwapani na bandeji kubwa mguuni. Alijitambulisha: Hilaire, mwalimu. Josias aliruka kumpokea, akafuta kiti kwa mkono wake.

"Mwalimu wa université! Karibu, karibu."

Hilaire hakuketi. Machozi yalikuwa yanamtiririka tayari. "Papa, unisamehe. Sikujua nyumba. Nilikuwa ku hôpital na huu muguu. Jana tu ndiyo nilipata Mama Apolline ku simu, akanielekeza. Nimekuya kulia na weye." Akashika mkono wa Josias. "Mumemuzika wapi?"

"Nani?"

Hilaire alimtazama, kisha akaweka mezani mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na blauzi nyeupe na sketi nyeusi, zimekunjwa vizuri, mikunjo ya pasi bado imesimama.

Akasimulia. Yeye ni mwalimu wa plomberie. Wakimbizi kutoka Mugunga walijaa kwenye ua wa shule moja, zaidi ya elfu, na tone la maji hamna. Shirika fulani lilileta tangi, likaliacha bila mabomba. Akawaita wanafunzi wake, mwenye kuweza aje. Walikuja watatu, Kahindo wa kwanza. Akavaa salopette yake, tumbo likiwa tupu, wakafunga mabomba sita kabla ya saa saba. "Bote kwa classe yangu nabafundisha, papa. Ule alikuwa ananifundisha miye. Maji ilitoka. Bamama balipiga kigelegele. Alikuwa amepiga magoti, anakaza robinet ya maji ya mwisho, sababu ilikuwa inavuja kidogo, na hakupendake kuacha kitu kinavuja. Ni pale bombe ilianguka."

Josias alikuwa anaisikia sauti kutoka mbali.

"Alikuwa anangoja brevet ya Pasaka," Hilaire akasema. "Alitaka akuletee mukononi. Alisema Papa ni mukali lakini ni fundi, akiona kazi muzuri anaitambua."

Hapo Josias akatoa mlio ambao majirani waliusikia mpaka barabara ya pili. Walikuja mbio wakidhani ni risasi. Walimkuta sakafuni na sketi usoni, anasema neno moja, kumi na nne, kumi na nne, na hakuna aliyemwelewa, hata Hilaire.

Asubuhi alikuwa kwa Angèle. Mama yule alimtambua kabla hajafungua kinywa, na hakumlaumu, laiti angemlaumu. Alifunga daftari, akampeleka makaburini mwenyewe. Mahali palikuwa penye udongo mpya, mweusi, mistari na mistari ya misalaba ya mbao. Namba ziliandikwa kwa makaa, na mvua ya siku mbili ilikuwa imezifuta.

"Ni ku huu mustari," Angèle alisema. "Ao ule wa nyuma yake. Papa, tulikuwa bachache, na malori ilikuwa inangoja."

Josias alitembea mstari wa kwanza, akatembea wa pili. Amejenga makaburi mengi ya watu katika mji huu, yenye mawe yaliyochongwa kona nne, na hakujua apige goti wapi. Mwishowe alipiga katikati, kwenye njia, pasipo mtu. Akaomba radhi kwa kulia na kushoto.

Umeme ulirudi Murara baada ya siku chache. Jirani aliichaji simu ya Josias bila kuombwa, akamletea. Haikupita saa ikaita. Apolline, kutoka Butembo.

"Papa Kahindo."

"Niko hapa."

Walilia kwanza, kila mmoja upande wake wa vita. Kisha Apolline akajipangusa. Josias alimsikia akijipangusa.

"Mwalimu aliniambia ulikuwa unamutafuta ma hôpital yote. Ulimupata? Ulimuona?"

Ukuta ulikuwa mbele ya Josias, ukuta wa mbao wa nyumba yake, na msumari wenye hanga tupu.

"Nilimuona," akasema.

"Na salopette yake?"

"Na salopette yake."

"Mungu wangu. Miye ndiye nilimufundisha kukudanganya. Mwaka mumoja na nusu silale, naogopa ile siku utamukuta na ile nguo. Nilikuwa najiambia, Josias na kiburi yake, atamukana mbele ya batu. Haukumukasirikia?"

"Hapana."

"Mbele ya batu, ulisema nini?"

Josias alifumba macho. Maisha yake yote alikuwa mtu asiyejua kudanganya. Hata mchanga kwenye saruji hakuwahi kuzidisha.

"Nilisema, huyu ni wa kwangu."

Apolline alilia tena, lakini kilio cha namna nyingine, kama cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Aksanti," alisema. "Aksanti, Papa Kahindo. Basi alienda na jina ya baba yake. Nitaweza kulala." Akaendelea kumshukuru, akamwombea baraka, mpaka salio likaisha na laini ikakatika.

Josias hakuishusha simu sikioni. Alikaa hivyo mpaka jirani alipoingia kumuuliza kama mtandao wa Butembo umerudi, kwa sababu naye ana watu wake huko.